Kitufe cha Kijani

Tarehe 4 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mume wangu mzima, na mjukuu wako mzima ila meno ya mbele yameng'oka yote, sasa akisema "samahani" lazima ukae mbali kidogo. Amesema nikuandikie kwamba ni yeye aliyelamba gundi ya bahasha hii, kwa hiyo uifungue kwa heshima.

Wenzangu kazini hawaachi kunitania kwamba nina ndugu ambaye ni lazima nimwandikie kwa kalamu na karatasi. Nawaambia huyo mwanamke alikuwa opereta wa simu pale posta tangu usichana wake, na alipostaafu aliapa kwamba simu haitalia tena nyumbani kwake. Wanacheka, nami nacheka nao. Ila bahasha yako ikifika huwa siifungui ofisini. Naibeba hadi nyumbani.

Sasa jambo lenyewe, na usinune. Kaka yako amenipigia. Anasema alipokuja kukutembelea alikuta birika la mluzi limechemka hadi kukauka, kitako kimekuwa chekundu, nawe umekaa chumba cha pili unashona pindo la pazia kana kwamba jiko ni la jirani. Amepata hofu. Anataka uhamie kwake, na chumba ameshakipaka rangi. Unamjua Mjomba, akishapaka rangi hakuna wa kumzuia.

Nimembembeleza hadi tukafikia makubaliano. Utakaa kwako mpaka mwisho wa Juni, ukiwa na kifaa ambacho mimi na wenzangu tumekibuni kwa ajili ya wazee wanaoishi peke yao. Kifaa kikionyesha kwamba mambo yako ni sawa, Mjomba ataliacha neno hili. Kisipoonyesha, utahama. Ameapa, nami nimeapa kwa niaba yako.

Ni kisanduku tu, ukubwa wa mkate. Kila asubuhi kinawasha taa, kinakusalimu, kisha kinakuuliza maswali mawili matatu: umeamka salama, umelala vizuri, jana jioni ulikula. Ukitaka kusema ndiyo unabonyeza kitufe cha kijani. Hapana ni chekundu. Majibu yanakuja kwangu na kwa Mjomba. Jumapili hakiulizi kitu, kinakusimulia kisa cha kuchekesha. Na sauti, Mama Mdogo, ni yangu! Nilijifungia kwenye chumba cha makoti pale ofisini nikarekodi kila neno mwenyewe, maana sikutaka uamshwe na mtu usiyemjua.

Wakati narekodi nilikukumbuka mpaka nikaharibu sentensi. Nilikumbuka zile likizo ulipokuwa unaniingiza kwa mlango wa nyuma wa posta, nakaa chini ya meza ya swichibodi, katikati ya miguu yako na nyaya, naambiwa nisikohoe. Juu yangu ulikuwa unasema, "Namba gani, tafadhali?" kwa ile sauti yako ya kazi, na mara nyingine mtu hajasema neno umeshamjua kwa pumzi yake tu. Nadhani kazi hii ya kubuni vitu vinavyozungumza na watu niliipatia pale chini ya meza.

Kisanduku kitakuja na basi la mizigo. Mwombe fundi seremala wa jirani akichomeke. Niambie kila kitu, hata usichokipenda.

Mwanao,
Mdadisi


Tarehe 27 Februari

Mdadisi mwanangu,

Marahaba. Bahasha niliikuta ina alama za vidole vyenye jamu. Mwambie mjukuu wangu niliifungua nikiwa nimesimama wima.

Mimi sijambo. Magoti yananung'unika asubuhi, yakishapata joto yanaacha. Paka wa jirani ameamua kuzalia kwenye kapu langu la nguo, na mimi nguo za ndani sasa nazitoa kwa kumwomba ruhusa.

Kisanduku kimefika. Fundi seremala alikileta amekikumbatia kama mtoto mchanga, akakiweka kwenye meza ya jikoni karibu na dirisha. Kila asubuhi kinawaka, nami nakijibu. Sauti yako nzuri sana. Hongera.

Hayo ya birika Mjomba wako ameyatia chumvi. Nilikuwa nimezama kwenye kushona. Yeye mwenyewe aliwahi kumsahau mkewe sokoni akarudi nyumbani na vitunguu, na hakuna aliyempakia chumba rangi.

Umeniamshia mambo kwa kuitaja swichibodi. Unakumbuka vile viti virefu visivyo na mgongo? Na yule mwenzangu aliyekuwa anatafuna karanga, kila mpigaji simu akidhani laini ina mikwaruzo? Sote tulikuwa na alama kichwani pale chuma cha hedifoni kilipolala, ukimwona msichana barabarani na mfereji kwenye nywele unajua huyu ni wa posta. Mama yako alipoolewa akahamia mbali, alikuwa anapiga kila Jumamosi mchana laini zikiwa tulivu. Nilizungumza naye kwa sikio moja, na kwa lingine nikaunganisha mji mzima. Msimamizi alijua na alinyamaza, maana naye alikuwa na mchumba katika mji mwingine. Nilikuwa na furaha sana mle ndani, mwanangu. Sikuijua hadi nilipotoka.

Kuhama sihami. Mimi na dada yangu tuliingia nyumba hii na godoro moja na sufuria isiyo na mfuniko. Wewe ulizaliwa chumba cha nyuma, mama yako alipokuja kujifungulia hapa. Kila msumari ulioko ukutani namjua aliyeugonga. Huko kwa Mjomba wako sijui hata ni rangi gani aliyopaka, wala hakuniuliza.

Wako,
Mama Mdogo


Tarehe 20 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Watoto wa paka wameshafumbua macho? Mjukuu wako anataka mmoja. Baba yake anasema nichague yeye au paka, nyumba haiwatoshi wote wawili.

Nakuandikia nikiwa na furaha. Majibu yako yote ni ya kijani tangu siku ya kwanza! Hakuna asubuhi hata moja uliyoiruka. Na unajibu upesi kuliko wazee wengine wote tuliowapa kifaa, swali halijaisha umeshabonyeza. Bosi wangu ametengeneza mchoro wa majibu yako akaubandika ukutani, akasema, "Huyu ndiye mtumiaji tunayemtaka." Nilijisikia vizuri kama mtoto aliyeleta matokeo mazuri kutoka shule. Mjomba naye anayaona. Juzi alikiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba huenda aliharakisha na ile rangi.

Ila hujanijibu machache. Kile kisa cha Jumapili iliyopita, cha mwanamume aliyepeleka kiatu kimoja kwa fundi, kilikuchekesha? Je, naongea haraka sana? Kuna neno lolote usilolipenda? Nakuuliza kama mtu wa kazi sasa, siyo kama mtoto wako. Wazee wengine wanasema nina sauti ya mwalimu mkuu.

Jana nilipita nyuma ya posta ya mji huu. Mlango ule wa nyuma unafanana na wenu, wa chuma, umekwaruzwa chini na baiskeli za wapeleka barua. Nilisimama pale kama mjinga. Nilitamani mtu anifungulie kwa ndani aseme, "Ingia haraka, na usikohoe."

Mwanao,
Mdadisi


Tarehe 21 Aprili

Mdadisi mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Stempu ziliisha, kisha mvua ikanyesha, kisha nikawa sina sababu.

Paka wamefumbua macho na mama yao amewahamishia karakana ya fundi seremala, kwenye maranda. Sasa akiranda ubao anaranda kwa adabu.

Kwa hiyo mimi ni mtumiaji. Nimeitwa mengi katika maisha haya: opereta, dada wa posta, sauti tamu, hata mchawi, siku nilipomwunganisha mwanamume na mkewe badala ya yule aliyemtaka. Mtumiaji ni mara ya kwanza. Nimelichukua jina, nimeliweka pamoja na mengine.

Visa vyako vya Jumapili vyote vinavunja mbavu. Hapana, huongei haraka. Usiwasikilize hao wazee wengine.

Mjomba wako alikuja. Anasema aligonga mlango mpaka vidole vikauma, mimi nikiwa nyuma ya nyumba naanua nguo. Alikaa saa nzima amekunja uso kana kwamba nimemtukania mke. Alisema jambo kuhusu kodi au kuhusu kondoo, sikumfuatilia sana, siku hizi anaongea ndani ya ndevu. Nikampa chai. Alipoondoka aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

Nilipokuwa naanua nguo nilikumbuka mama yako alivyokuwa hawezi kutundika shuka peke yake. Lazima mimi nishike pembe ile, yeye hii, halafu tukutane katikati. Alikuwa anaimba ovyo, maneno ya kubuni, na majirani wakifunga madirisha. Mpaka sasa nikikunja shuka huwa nasimama kidogo katikati.

Wako,
Mama Mdogo


Tarehe 12 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Leo sina habari nyingine za nyumbani, unisamehe. Nina jambo moja tu na limenikaa kifuani.

Bosi aliomba tuongeze swali, tena kwenye vifaa vyote. Nikarekodi. Jumatatu asubuhi kisanduku kikakuuliza, "Je, umeanguka?" Ukabonyeza kijani. Kikakuuliza, "Unahitaji mtu aje sasa hivi?" Ukabonyeza kijani tena.

Nilikuwa kwenye kikao. Niliona ujumbe ule nikatoka nje kumpigia Mjomba. Mjomba aliacha kazi, akamchukua muuguzi wa zahanati ya jirani yake, wakaja mbio na pikapu. Waligonga, wakagonga, wakavunja mlango. Wakakukuta umeketi umewapa mgongo, unachambua mchele. Anasema uliruka, mchele wote ukamwagika. Anasema alipokuuliza, "Mbona umesema umeanguka?" ulitabasamu ukamjibu, "Ndiyo, ndiyo, karibu ukae."

Mama Mdogo, Mjomba alinipigia akilia. Sijawahi kumsikia akilia tangu mazishi ya Mama. Anasema akili zimeanza kukutoka, kwamba ameziona zikitoka kwa macho yake. Hataki tena kusikia habari ya kisanduku. Mwisho wa Juni anakuja na gari kukuchukua, wewe na kitanda chako.

Nami sijui nimwambie nini. Barua zako hazifanani na za mtu aliyepotewa na akili. Zinanichekesha kila mstari. Basi kwa nini ulibonyeza kijani? Niambie ukweli, ili nipate cha kusimamia. Sina silaha nyingine.

Mdadisi


Tarehe 30 Mei

Mdadisi,

Marahaba. Mlango umetengenezwa. Fundi seremala ameweka bawaba mpya na hakutaka malipo, amechukua chai.

Mwambie kaka yangu akili zangu zipo zote, nimezihesabu leo asubuhi. Nilikosea kitufe. Watu hukosea.

Kisanduku nimekizima nikakiweka kabatini chini ya mashuka. Usiniulize tena habari zake. Msalimie mjukuu wangu.

Mama Mdogo


Tarehe 14 Juni

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Mjukuu wako alimaliza ile keki uliyonifungia kabla sijavua viatu.

Najua hukunitarajia. Uliponiona mlangoni ulinikumbatia hadi miwani ikapinda, na nilikuwa nimeshasahau harufu ya nyumba ile, sabuni ya kufulia na maranda kutoka karakana. Nililala chumba cha nyuma nilichozaliwa nikalia kidogo, na haikuwa huzuni tu. Nilikudanganya kwamba nimekuja kurekebisha kisanduku. Nilikuja kukaa jikoni kwako nikutazame. Ni kitu ambacho ilibidi nikifanye kabla ya kubuni chochote, na sikukifanya. Ningeweza kukuambia haya uso kwa uso, lakini kila nilipofungua mdomo ulianza kusimulia jambo lingine. Kwa hiyo naandika.

Nilikitoa kisanduku kabatini nikakiwasha. Asubuhi taa iliwaka, sauti yangu ikaanza, "Shikamoo Mama Mdogo, je..." nawe ukabonyeza kijani, ukaendelea kukoroga uji. Nilikuwa nimebadilisha swali. Kisanduku kilikuwa kinakuuliza kama unataka nikukate nywele zote.

Baada ya hapo niliona mengine. Fundi seremala habishi hodi. Anapita kwanza mbele ya dirisha anapunga kofia. Siku nzima ni wewe unayezungumza, hadithi juu ya hadithi, ili asipatikane mtu wa kukuuliza swali. Nikiongea nikiwa nimekupa kisogo hujibu. Nikiongea nimekutazama unaniangalia mdomo, kisha unasema, "Ndiyo, ndiyo," na kutabasamu. Birika lilipiga mluzi mimi nikiwa nimekaa makusudi. Lilipiga mpaka nikashindwa nikalitoa mwenyewe.

Husikii, Mama Mdogo. Sijui tangu lini.

Usidhani nakulaumu. Ninayemlaumu ni mimi. Kisanduku kile tulikijaribu ofisini, mlango umefungwa, na vijana wenye masikio makali. Swali la kuanguka tuliliongeza bila kufikiri kwamba kijani, ambayo siku zote ilikuwa habari njema, sasa imekuwa habari mbaya. Lakini hata hayo siyo makubwa. Kubwa ni kwamba nilimtengenezea kifaa mtu niliyemkumbuka. Nilimtengenezea yule opereta wa utoto wangu, mwenye masikio ya kusikia pumzi. Nilimpenda sana yule hata sikumwuliza kama bado anaishi hivyo.

Kwa hiyo naanza upya. Nakuuliza leo, na chukua muda wako: wewe mwenyewe unataka nini? Mjomba sijamwambia kitu. Siri ni yako, sitaitoa bila ruhusa. Ila bila hiyo sina la kumzuia mwisho wa mwezi, na yeye ataendelea kuamini kwamba ni akili.

Mwanao,
Mdadisi


Tarehe 24 Juni

Mdadisi mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaiweka, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, nikaisoma tena.

Sawa. Sisikii.

Lilianza sikio la kulia, la hedifoni. Kwanza zilipotea sauti nyembamba, ndege na watoto. Nikajiambia ndege wamehama. Kisha likaja la kushoto. Miaka yangu ya mwisho posta wenzangu walinifunika, yule wa karanga alinigusa goti laini ikiita. Siku ya kustaafu nikatangaza sitaki simu nyumbani, watu wakacheka, wakasema dada amechoka na mlio. Ilikuwa aibu, mwanangu. Opereta kiziwi! Ningeanzia wapi kumweleza mtu? Mji mzima ulipita kwenye masikio yangu, harusi na misiba na ugomvi wa mashamba, halafu niseme sisikii hata birika langu. Nikachagua barua. Kwenye barua mimi bado ni mzima.

Na sauti yako ndani ya kile kisanduku, sijawahi kuisikia. Niliisifu kwa sababu ulijifungia na makoti kwa ajili yangu. Huwa naweka kiganja juu yake kinapoongea. Kinatetemeka kidogo, basi najua upo hapo. Hilo nalipenda, usilitoe.

Umeniuliza nataka nini. Watu wananiuliza kama nimelala, kama nimekula, kama nimekwenda haja. Hili ni swali jipya na lilinipa kazi. Nataka kukaa hapa. Nataka taa itakayowaka mtu akigonga, nisivunjiwe mlango. Na hicho kisanduku kiache kunihoji kama polisi. Nikiamka nibonyeze mimi kwanza, nikutaarifu nimeamka, nawe unijibu kwa kutetemesha. Mimi nilikuwa naunganisha simu, sikuwa nasubiri kuunganishwa.

Mwambie Mjomba wako. Nenda kwake, umwambie mkiwa mmekaa. Sitaki aendelee kuhesabu akili zangu.

Sasa na mimi nina swali, ndilo limenifanya nikae na barua hii siku zote hizi. Mama yako alipokuwa hospitali, ulipiga simu ya fundi seremala, akaniletea mbio. Ulisema jambo, kisha nadhani ulimpa yeye. Niliikandamiza simu kwenye sikio mpaka likauma. Sikupata kitu, mwanangu. Nilijua tu kwamba ni yeye. Sikutaka ajue kwamba simsikii, wakati ule, yeye akiwa kwenye hali ile. Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo, dada. Kesho yake hakuwepo.

Mpaka leo sijui nilikubali nini. Labda aliniomba nije, nami sikuja. Labda aliniachia wewe. Labda aliuliza kama nimemsamehe ile mara tuliyonuniana mwaka mzima. Kila asubuhi nikibonyeza kile kitufe chako cha kijani namkumbuka. Wewe ulikuwa chumbani. Aliniambia nini?

Mama Mdogo


Tarehe 2 Julai

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo. Mjukuu wako ameota jino moja na anatembea mdomo wazi ili mji wote ulione.

Nilikwenda kwa Mjomba. Nilimkuta anafunga kamba kwenye pikapu, tayari kwa safari. Nikamkalisha nikamweleza. Akasema, "Masikio tu?" Nikasema masikio tu. Akavua miwani akafuta uso. Akasema, "Miaka yote hii nilidhani ananipuuza. Namwambia jambo, ananiambia ndiyo, halafu hafanyi. Nilifikiri ana kinyongo na mimi tangu tulipogawana vitu vya dada." Alifungua kamba zote mwenyewe. Huhami. Anakuja Jumamosi na fundi umeme kukuwekea taa ya mlangoni, na ameniuliza kama anyoe ndevu ili uone mdomo. Nimemwambia anyoe.

Kisanduku nakibuni upya, hakina maneno. Utakibonyeza wewe kwanza. Mtetemo unabaki. Ule mchoro wako wa kijani nimeubandua ukutani, na bosi hakufurahi nilipomwambia kwamba hatuongezi swali jingine hata moja kabla hatujakaa jikoni kwa kila mzee tuliyempa kifaa. Amenuna, ila ametoa ruhusa. Tunaanzia kwako, ukikubali kupokea wageni wawili wanaokula sana.

Sasa swali lako. Nilikuwa chumbani, ndiyo. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake nimemshikia simu sikioni, maana mikono yake ilikuwa haina nguvu. Siku zile sauti ilikuwa imekwisha kabisa, alikuwa anatuonyesha maji kwa macho. Alijaribu kusema na wewe, akashindwa, akapumzika, akajaribu tena. Hakukuomba uje, Mama Mdogo. Hakukuachia mzigo wowote, wala hakutaja ugomvi. Alisema neno moja tu, na hata mimi niliyekuwa nimemwinamia nililipata kwa shida. Alikuuliza, "Upo?"

Ukamwambia, "Ndiyo, dada. Ndiyo."

Akafumba macho akiwa anatabasamu, akaniashiria nitoe simu nimfunike miguu.

Mwanao,
Mdadisi